Fizikia kwanza au biolojia? Namna ya kuchagua na kupanga masomo ya sayansi sekondari

Msimu wa kujaza fomu za masomo ukifika, swali linalosikika kuliko yote ni "somo gani rahisi?" Jibu lake halimfai mtu, maana kemia inayomtoa jasho huyu ndiyo mwenzake anayoifanya huku anapiga mluzi. Maswali yenye faida ni mawili: somo hili litanifungulia mlango upi baadaye, na hisabati niliyonayo leo inaweza kubeba somo lipi mwaka huu? Ukiyajibu hayo bila kujidanganya, sehemu kubwa ya mpangilio inajipanga yenyewe. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, na pia wa mzazi au mlezi atakayeketi naye siku ya kujaza fomu.

Hatua ya 1: Anzia mwisho

Chukua karatasi, andika kozi tatu za chuo ambazo ungeweza kujiona unazisoma. Tatu, si moja. Mtoto wa miaka 14 anayesema "udaktari tu, basi" huenda akawa mkweli kabisa, lakini hajakutana bado na nusu ya kazi zilizopo duniani. Kisha tafuta masharti ya kujiunga ya vyuo viwili au vitatu vinavyofundisha kozi hizo, uyasome kutoka kwa chuo chenyewe. Masharti ya kusimuliwa na binamu aliyemaliza zamani yana kawaida ya kupitwa na wakati.

Unaposoma, tenganisha mambo mawili: somo lililoandikwa "lazima" na somo linalopendekezwa. La kwanza likikosekana, maombi hayasomwi. La pili likikosekana, unashindana ukiwa nyuma kidogo. Angalia pia kama chuo kinataka somo la sayansi lenye maabara, maana kozi ya nadharia tupu yenye jina lilelile inaweza isihesabiwe.

Kwa kawaida picha utakayoiona ni hii. Udaktari, ufamasia na uuguzi hutaka kemia na biolojia, na udaktari mara nyingi huongeza fizikia au hisabati. Uhandisi hutaka fizikia na hisabati ya juu. Wa kemikali huongeza kemia. Sayansi ya kompyuta hutazama hisabati kuliko sayansi yoyote. Kilimo, lishe na mazingira huegemea biolojia na kemia.

Ukizitazama orodha hizo kwa pamoja, kemia na hisabati zinajirudia zaidi ya nyingine. Kwa hiyo kama hujui kabisa unaelekea wapi, shika hizo mbili kwanza, na fizikia iwe ya tatu. Najua wengi wangeweka biolojia ya tatu kwa kuwa haina hesabu nyingi. Mimi naitanguliza fizikia kwa sababu moja: mtu mwenye kemia nzuri anaweza kuifuata biolojia baadaye kwa kusoma kwa bidii, lakini fizikia iliyoachwa mapema ni ngumu kuirudia. Fizikia ni ujuzi wa kutatua maswali, na ujuzi huo haupatikani kwa kusoma usiku mmoja.

Hatua ya 2: Pima hisabati yako kabla ya kuchagua sayansi

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mwanafunzi husema "nimefeli kemia", ukifungua daftari lake unakuta kemia anaijua vizuri. Kinachomwangusha ni uwiano na desimali. Kabla ya kuandika jina la somo lolote kwenye fomu, kaa na kalamu ufanye maswali haya manne bila kikokotoo.

Kwanza: v = u + at. Tafuta t. Jibu ni t = (v − u)/a. Kama ulilazimika kuweka namba ndipo upate njia, aljebra yako bado haijakomaa kwa fizikia.

Pili: gawanya 3.0 × 10⁸ kwa 6.0 × 10¹⁴. Jibu ni 5.0 × 10⁻⁷. Hilo si swali la kubuni tu: namba ya juu ni kasi ya mwanga kwa mita katika sekunde, ya chini ni masafa ya mwanga wa kijani, na jibu ni urefu wa wimbi lake kwa mita.

Tatu: gramu 40 za dutu fulani zinaitwa fungu moja. Umeyeyusha gramu 4 ukapata mililita 250 za mchanganyiko. Katika lita moja ya mchanganyiko huo kungekuwa na mafungu mangapi? Gramu 4 ni fungu 0.1; mililita 250 ni robo ya lita; kwa hiyo lita nzima ina mafungu 0.4. Badilisha neno "fungu" uweke "moli", na hiyo dutu iite hidroksidi ya sodiamu, na hapo umeshafanya swali halisi la kemia. Ukilipata hili bila kusukumwa, hesabu za moli hazitakutisha.

Nne: ubao wenye urefu wa mita 10 umeegemezwa kwa pembe ya digrii 30 kutoka ardhini. Ncha yake ya juu iko kimo gani? Ni mita 5, kwa sababu sini ya digrii 30 ni nusu.

Tafsiri yake ni hii. La tatu likikushinda, usianze na kemia kabla ya kurekebisha uwiano, asilimia na namba za vipeo. La kwanza likikushinda, fizikia isubiri hadi aljebra ikae sawa. La nne peke yake halikuzuii kuanza fizikia, ila ujue kwamba ukifika kwenye kani zinazotenda kwenye mteremko utahitaji trigonometria, na ni vizuri darasa la hisabati liwe limeifikia kabla. Biolojia ya mwanzo inahitaji kidogo tu: asilimia, kusoma grafu, na uwezekano kwa ajili ya jenetiki. Ndiyo maana kwa mwanafunzi ambaye hisabati yake inasuasua, biolojia mwaka wa kwanza inampa muda wa kujijenga.

Kufeli maswali haya si hukumu. Wiki sita za mazoezi ya kila siku wakati wa likizo zinaweza kuubadilisha mpangilio wako wote, na ni bora zitumike kabla ya somo kuanza kuliko katikati yake.

Hatua ya 3: Amua nini kitangulie nini

Kama shule yako inafundisha sayansi zote tatu sambamba kila mwaka, hatua hii imeshaamuliwa kwa niaba yako, na faida yake ni kwamba hakuna somo linalopoa. Soma tu sehemu inayoeleza jinsi masomo yanavyotegemeana, kisha nenda hatua ya 4.

Kama unachukua sayansi moja kila mwaka, kama ilivyo katika shule nyingi za Marekani na kwa familia zinazofundisha watoto nyumbani, kuna mipangilio miwili inayoshindana.

Wa kwanza ni biolojia, kemia, fizikia. Ndio uliozoeleka. Ulijengeka Marekani kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, enzi ambazo biolojia ya shule ilikuwa zaidi ya kutazama, kuchora na kupanga viumbe katika makundi. Ikawekwa mwanzo kwa kuwa haikuhitaji hesabu. Fizikia ikaachwa mwisho ili hisabati iwe imeiva. Kwa wakati ule ilikuwa na mantiki.

Kisha biolojia ikabadilika. Mwaka 1953 muundo wa DNA ulipotangazwa, somo lilianza kuzama kwenye molekuli, na leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana na vimeng'enya, usanisinuru na protini kabla hajafundishwa atomu zinashikanaje. Leon Lederman, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1988, alitumia miaka mingi kuhimiza mpangilio ugeuzwe: fizikia, kemia, biolojia. Hoja yake ni kwamba chaji za umeme zinazovutana ndizo zinazoeleza vifungo vya kemikali, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoeleza kinachotokea ndani ya seli.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti. Nyuzi mbili za DNA hushikwa pamoja na vijenzi vinne viitwavyo besi: A, T, G na C. A hushikana na T kwa vifungo viwili vya hidrojeni, na G hushikana na C kwa vitatu. Mwanafunzi asiyejua kemia ataikariri sentensi hiyo na kuisahau baada ya mtihani. Aliyesoma kemia atajua mara moja kwamba DNA yenye G na C nyingi inahitaji joto zaidi ili nyuzi zake mbili ziachane, na hatakuwa na haja ya kukariri. Somo ni lilelile, kitabu kilekile. Kilichobadilika ni alichokuja nacho mwanafunzi.

Je, basi kila mtu aanze na fizikia? Hapana. Fizikia kwanza inafaa pale ambapo mwanafunzi amefaulu angalau maswali matatu ya hatua ya 2, la kwanza likiwemo, na mwalimu yuko tayari kuifundisha kwa aljebra nyepesi. Jiwe likiachwa lianguke kutoka kimo cha mita 20 linafika chini baada ya sekunde 2 hivi, ukichukua mchapuko wa mvutano kuwa 10, na hesabu yake haizidi kipeo cha pili na kipeuo chake. Mtoto wa miaka 14 mwenye aljebra ya kawaida anaimudu. Lakini fizikia kwanza kwa mwanafunzi asiyeweza kuhamisha herufi upande wa pili wa mlinganyo ni kumfundisha aichukie sayansi mapema.

Kwa walio wengi ninapendekeza njia ya katikati: bakini na biolojia mwaka wa kwanza kama shule inavyotaka, ila kabla haijaanza tumieni wiki tatu au nne kwenye mambo matano ya kemia: atomu na sehemu zake, ayoni, vifungo vya aina mbili kuu, kwa nini maji yana ncha chanya na hasi, na kusawazisha mlinganyo rahisi. Mlinganyo wa usanisinuru, 6CO₂ + 6H₂O → C₆H₁₂O₆ + 6O₂, unatosha kwa zoezi hilo la mwisho: hesabu kaboni, hidrojeni na oksijeni pande zote mbili uone kama zinalingana. Maandalizi haya madogo yanaondoa karibu ukakasi wote wa mpangilio wa zamani.

Mpangilio mmoja nisioushauri ni kemia kuwa ya mwisho kabisa kwa mtu anayelenga udaktari au ufamasia. Kemia ndiyo atakayotakiwa kuisoma kwa ngazi ya juu, na hakuna mwaka utakaobaki wa kuiweka hiyo ya juu.

Hatua ya 4: Chora jedwali la miaka

Sasa chora jedwali. Safu za juu ni miaka, mstari wa kwanza ni hisabati, wa pili ni sayansi kuu, wa tatu ni somo la ziada. Hisabati ijazwe kwanza, mwaka kwa mwaka, bila pengo hata moja. Hilo ndilo sharti pekee nisilolegeza. Mwaka mmoja bila hisabati huonekana kama mapumziko, lakini fizikia ya mwaka unaofuata ndiyo inayolipa deni.

Anayelenga afya kwa miaka minne: biolojia, kemia, fizikia, kisha mwaka wa nne kemia au biolojia ya juu. Kama anaweza kuchukua mbili mwaka wa tatu, aunganishe kemia ya juu na fizikia ya kawaida, ili kemia ya kwanza isipoe. Pengo la miaka miwili kati ya kemia ya kwanza na ya juu linamlazimu mtu kuanza upya na moli, ayoni na asidi wakati wenzake wameshahamia kwenye usawa wa mmenyuko. Atazame pia logarithimu: kipimo cha pH, kinachoonyesha ukali wa asidi, kinazitumia, na mwanafunzi anapaswa kujua kwamba myeyuko wa pH 3 una ayoni za hidrojeni mara 100 ya ule wa pH 5, si "zaidi kwa mbili".

Anayelenga uhandisi: mpangilio wowote unaomfikisha fizikia ya kwanza kufikia mwaka wa tatu, ili wa nne uwe wa fizikia ya juu sambamba na kalkulasi (calculus).

Asiyelenga sayansi kabisa: moja ya viumbe, moja ya maumbile yasiyo hai, na takwimu. Inatosha.

Ukiwa kwenye programu za kimataifa kuna mambo ya kuangalia. Katika IB Diploma, mwanafunzi huchukua masomo sita, kwa kawaida matatu kwa ngazi ya juu. Ngazi ya juu imepangiwa saa 240 za kufundishwa na ya kawaida saa 150, kwa hiyo sayansi mbili za ngazi ya juu ni mzigo wa kweli, si wa kujaza fomu kwa mbwembwe. Katika A-Level wengi huchukua masomo matatu tu, hivyo kila chaguo linafunga milango mingine. Katika AP, yaani kozi za Marekani za ngazi ya chuo zinazosomwa sekondari, Physics 1 inafundishwa kwa aljebra ilhali Physics C inahitaji kalkulasi. Wanaochanganya hizo mbili hugundua wiki ya pili. Na kwenye IGCSE, Combined Science huhesabiwa kuwa somo moja wakati Co-ordinated Sciences huhesabiwa kuwa mawili. Kabla ya kuchagua ile ndogo, uliza kama shule unayotaka kuendelea nayo inaipokea kwa anayetaka kusoma kemia au fizikia ya juu.

Kanuni ya mwisho kwenye jedwali: mwaka wa kwanza wa fizikia usikutane na mwaka wa kwanza wa kemia kama hisabati bado inayumba. Zote mbili zinadai mazoezi ya kila jioni, na jioni ni moja.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu maabara

Majina ya masomo hayaelezi kinachofanyika darasani. Kabla ya kusaini, muulize mwalimu: wanafunzi wanaingia maabara mara ngapi kwa muhula, wangapi kwenye meza moja, na nani anashika vifaa? Majibu ya "tunawaonyesha" ni tofauti na "wanafanya".

Chukua titresheni, yaani kupima ukali wa myeyuko kwa kuudondoshea mwingine kutoka bureti, bomba la kioo lenye alama za vipimo. Video nzuri itakuonyesha alkali ikidondoka kutoka kwenye bureti hadi kwenye asidi na rangi ikibadilika. Haitakufundisha kusogeza macho hadi usawa wa kimiminika na kusoma chini ya mbonyeo wake. Kufunga bomba la bureti kwa mkono mmoja huku mwingine unazungusha chupa. Kujua kwamba waridi hafifu ya fenolftaleini (kiashiria kinachobadili rangi) inayobaki ndiyo unayoitafuta, na kwamba waridi iliyokolea maana yake umepitiliza na urudie. Bureti ya kawaida ya shule husomwa hadi sentimita za ujazo 0.05, na unarudia mpaka upate majibu mawili yanayokubaliana. Hayo yanaingia mikononi kwa kurudia.

Kama shule haina vifaa, au unasomea nyumbani, hujakosa kila kitu. Fizikia ya penduli, lenzi na saketi ndogo ya betri inafanyika kwa vitu vichache. Biolojia ya mimea na vijidudu visivyo na madhara pia. Kemia ndiyo ngumu kuifanya peke yako kwa usalama, hivyo ikiwa una nafasi moja tu ya kulipia au kuazima maabara, itumie kwa kemia. Na kila jaribio liandikwe: lengo, vifaa, vipimo na vizio vyake, makosa yanayowezekana. Daftari hilo baadhi ya vyuo huliomba.

Hatua ya 6: Masomo ya pembeni

Sayansi ya dunia, mazingira, astronomia, elimu ya kompyuta: yachukue ukiwa na nafasi, yasichukue nafasi ya moja ya zile tatu kuu. Takwimu ni tofauti. Anayeelekea biolojia, saikolojia au afya ya jamii ataitumia maisha yake yote, na ningeitanguliza kuliko sayansi ya ziada yoyote.

Hatua ya 7: Rudia jedwali kila mwaka

Mwisho wa kila mwaka toa lile jedwali na ujiulize mambo matatu. Masharti ya vyuo bado ni yale yale? Hisabati imefika nilikotarajia? Kozi zangu tatu bado ni hizo? Jibu la pili likiwa hapana, sogeza sayansi, usisogeze hisabati.

Somo likikuelemea katikati ya mwaka, usikimbilie kuliacha. Kwanza tafuta mahali unapoanguka: chukua mtihani uliofanya vibaya, weka alama kila kosa kama ni la hesabu, la kutoelewa dhana, au la kutosoma swali. Makosa ya hesabu yakizidi nusu, mwalimu unayemhitaji ni wa hisabati. Yakiwa ya dhana, rudi sura moja nyuma, mara nyingi tatizo lilianzia huko. Kuacha somo kuwe ni baada ya hapo, na kabla ya tarehe ambayo shule huanza kuliandika kwenye matokeo. Uliza tarehe hiyo mwanzoni mwa muhula, wakati huihitaji.

Siku ya kusaini fomu nenda na jedwali lako, nakala ya masharti ya vyuo vitatu, na maswali yako kwa mwalimu yakiwa yameandikwa. Mwalimu akikushauri tofauti na ulivyopanga, mwombe aeleze ni hisabati, ni nafasi darasani, au ni ratiba. Ikiwa ni hisabati, msikilize. Ikiwa ni ratiba, ulizia kama somo linaweza kuchukuliwa likizo au mwaka unaofuata kabla ya kulikubali lile lililobaki.